Kuanzisha darasa la ngoma na maigizo kwa vijana wa mtaani: anza na Jumanne, mgeni rasmi atafuata

Kila mwaka mtaani kwetu Temeke huzuka kikundi kipya cha vijana. Wiki mbili kabla ya sherehe wanakusanywa, wanashonewa vitenge vya sare, wanafundishwa nyimbo tatu zenye jina la mgeni rasmi ndani yake, wanacheza, wanapigwa picha. Mwezi ukipita, uliza kikundi kiko wapi. Ngoma moja iko kwa mjumbe, nyingine imegeuzwa kigoda cha kukalia wakati wa kufua, na vijana wamerudi kijiweni.

Nimeanzisha kikundi cha namna hiyo mara mbili, kwa hiyo sisemi kwa kumcheka mtu. Mara ya tatu nilianzia upande wa pili. Nilitafuta siku, saa na mahali, na habari ya onyesho nikaiacha kabisa kwa miezi minne. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Darasa hilo bado lipo. Haya yafuatayo ndiyo ninayomwambia kila anayekuja kuniuliza nilifanyaje.

Hatua ya 1: Nenda walipo

Usianze kwa kubandika tangazo. Nenda wanakokaa: kiwanjani, nje ya saluni, mbele ya banda la kuonyesha mpira. Tazama wanachofanya tayari. Huku kwetu utakuta singeli, na utakuta kijana anayecheza kwa miguu myepesi hata ukajiuliza kafundishwa na nani. Mwalimu anayefika na kusema singeli ni uhuni keshafunga mlango kabla hajaingia. Singeli imezaliwa uswahilini, hapahapa Dar es Salaam. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, na mchiriku nao ulichota kwenye ngoma za Wazaramo. Kijana anayecheza singeli yuko karibu na mdundiko, ngoma ya hao Wazaramo, kuliko anavyodhani, na wewe kazi yako ni kumwonyesha njia ya kurudi huko na kutoka tena.

Waulize wanataka nini, halafu uchague kitu kimoja cha msingi. Ngoma, au maigizo, au muziki wa ala. Wengi huandika kwenye barua ya maombi “ngoma, maigizo, sarakasi, ngonjera, kwaya, mitindo na filamu”, na kweli wanajaribu vyote, na baada ya mwaka hakuna mtoto anayejua hata kimoja. Sisi tulichagua ngoma na maigizo kwa sababu viwili hivyo vinatumia mwili uleule na uwanja uleule.

Gawa umri. Watoto wa miaka 10 hadi 13 wawe na kipindi chao, wa 14 hadi 17 chao, na waliovuka 18 chao au wawe wasaidizi. Mwalimu mmoja asizidishe vijana 25.

Hatua ya 2: Mahali, na saa isiyogombana na mtu

Uwanja wa shule ya msingi ndio wa kwanza kuuliza. Andika barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mtendaji wa kata, na ueleze saa za kuingia na kutoka, idadi ya watoto, na nani atafagia. Hilo la kufagia liandike kweli. Walimu wakuu wengi hawakatai ngoma, wanakataa chupa za maji zilizotupwa hovyo.

Saa ipangwe kwa kuangalia maisha ya mtaa. Kuna tuisheni, kuna madrasa, kuna kuchota maji, kuna msichana anayemsaidia mama yake kukaanga samaki jioni. Sisi tulipiga hesabu tukaangukia saa 10 hadi saa 11:30 jioni, Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi saa 3 asubuhi kwa wakubwa. Anayetoka saa 11:30 anafika nyumbani kabla ya magharibi, na hapo nusu ya vita na wazazi umeshinda. Mwezi wa Ramadhani ngoma tunaziweka kando, tunasoma maigizo na mashairi tukiwa tumekaa kivulini, na tunamaliza kipindi mapema.

Ukishapanga siku, usiivunje. Siku ya mvua mkae barazani mpige hadithi. Siku mwalimu anaumwa, mkubwa mmoja aongoze kupasha mwili kisha waende nyumbani. Mtoto akifika mara mbili akakuta uwanja mtupu, mara ya tatu haji, wala hatakwambia kwa nini.

Hatua ya 3: Wazazi, na ulinzi wa mtoto

Mama mmoja alinifuata uwanjani akiwa bado ameshika mwiko. Alisikia binti yake “anafundishwa kukata viuno”. Sikubishana naye. Nikamwambia, “Mama, karibu ukae, tazama mpaka mwisho.” Alikaa kwenye mzizi wa mwembe, akatazama, na kabla ya kuondoka akamsahihisha mpigaji wetu wa chapuo. Kumbe kwao Kisarawe babu yake alikuwa mpigaji. Tangu siku hiyo ndiye anayetuambia ngoma ipi ichezwe hadharani na ipi iachwe ndani. Ngoma za unyago, kwa mfano, zina wenyewe na zina mahali pake. Usizipandishe jukwaani eti kwa sababu zinapendeza.

Kwa hiyo nenda nyumba kwa nyumba. Jitambulishe kwa baba, mama, bibi, au kaka mkubwa anayemlea mtoto. Pata ruhusa kwa maandishi, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Swali utakaloulizwa kila mlango ni “usanii utamlisha?” Usidanganye kwa kutaja mastaa. Sema ukweli: wengi hawatakuwa wasanii, ila watajifunza kusimama mbele ya watu wakasema jambo likaeleweka.

Sasa lile ambalo vikundi vingi hulipita haraka, nami naliwekea mkazo kuliko yote. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sanaa ina kugusana, ina kubadilisha nguo, ina safari, ina watu wazima wanaosifu watoto. Hayo yote ni mianya. Kanuni zetu ziko kwenye karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa stoo, na kila mwalimu ameisaini:

- Watu wazima wawe wawili kila kipindi, mmoja wao mwanamke.
- Hakuna mazoezi ya mtu mmoja na mwalimu, si uwanjani, si nyumbani kwa mwalimu.
- Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ya wasichana yapimwe na mwanamke, na kila kundi libadilishe nguo mahali pake.
- Ukitaka kumgusa kijana ili kumrekebisha bega au mgongo, muulize kwanza, mbele ya wenzake.
- Nauli na zawadi hutolewa hadharani na kuandikwa daftarini. Fedha ya kificho ndiyo inayoanza maneno.
- Picha na video za watoto hazipandishwi mtandaoni bila ruhusa ya mzazi.

Waambie pia watoto wenyewe, kwa lugha yao, nani wa kumwendea likitokea jambo: afisa ustawi wa jamii wa kata, dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au kupiga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, isiyolipiwa. Tulifanya wimbo wa makofi wenye namba hiyo. Sasa hata wadogo zao wasio wanafunzi wetu wanaujua.

Hatua ya 4: Makaratasi

Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha Afisa Utamaduni wa halmashauri. Huyo wa mwisho ndiye atakayekueleza usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, linalosajili wasanii na vikundi vya sanaa Tanzania Bara. Zanzibar kuna baraza lake, BASSFU. Andaeni katiba fupi ya kurasa tatu nne, muhtasari wa kikao cha kuanzisha chenye saini, na barua ya utambulisho ya kata. Orodha ya viambatisho na ada muulizeni afisa mwenyewe siku hiyo, msitegemee aliyesajili miaka mitano iliyopita.

Kibali hakimfanyi mtu salama moja kwa moja. Huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao na kuigiza kwa Kigikuyu mwaka 1977. Kibali cha maonyesho walikuwa nacho, kikafutwa mwaka huohuo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Lakini kukosa karatasi kunampa kisingizio hata mtu asiye na sababu ya kukuzuia, kwa hiyo zitafute.

Hatua ya 5: Mwalimu

Walimu wako wa aina mbili na unawahitaji wote. Wa kwanza ni mzee wa mtaa anayejua ngoma. Hana cheti, ana mkono. Mlipe, hata kidogo, na mlipe siku ileile. Kumwita mzee “hazina yetu” halafu kumrudisha kwa miguu ni dharau iliyopakwa asali.

Wa pili ni aliyesomea. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kuwa taasisi mwaka 2007, na wahitimu wake wako kila kona ya nchi, wengi hawana kazi ya kudumu. Huyu atakuletea mpangilio: namna ya kupasha mwili bila kuumiza goti, namna ya kugawa igizo katika matukio, namna ya kusimama jukwaani. Kwa muziki wa ala, walio Unguja wana Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambako vijana hujifunza udi, ganuni, fidla na ngoma pamoja.

Mtazame mwalimu kwa mwezi mmoja kabla ya kukubaliana naye. Anayepiga kelele na kutukana, hata awe fundi kiasi gani, mwache. Mtoto aliyetukanwa hucheza akiangalia chini.

Hatua ya 6: Vifaa

Ngoma tatu zinatosha kuanza: vumi la kushika mdundo wa chini, msondo wa kusema, na chapuo la kuchangamsha. Ongeza njuga na kayamba. Kama hamna hela, miezi miwili ya mwanzo pigieni madumu ya lita 20 na ndoo tupu za rangi, ila tangazeni mapema kwa majirani, maana dumu lina kelele isiyovumilika kuliko ngoma.

Ngoma ya ngozi ni kama mtu, jioni ya unyevu sauti yake inalegea. Vijana wetu wa mwanzo walipoambiwa “ipasheni moto” waliwasha gazeti na kuinamisha ngoma juu yake palepale. Ngozi ilipasuka kwa mlio mmoja, na hapo ikawa tumebaki na ngoma mbili. Mzee aliwaita siku iliyofuata akawaonyesha. Makuti makavu, moto mdogo, ngoma ishikwe umbali wa mkono, izungushwe polepole bila kusimama. Kila mara gonga kwa kidole ukingoni. Mwanzoni inajibu kwa uzito kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha inaanza kukaza. Ikilia kavu, ondoa, hata kama moto bado unawaka. Kupasha ngoma sasa ni zamu ya wiki, na anayepewa zamu hufika dakika 20 kabla ya wengine. Sijawahi kusikia mtu akichelewa zamu hiyo.

Maleba yasubiri. Khanga mbili tatu na mashati makubwa ya mitumba yatawatosha mwaka mzima.

Hatua ya 7: Kipindi kimoja, dakika kwa dakika

Kipindi chetu ni dakika 90. Simu zote huingia kwenye kapu, ya mwalimu ikiwa juu.

Dakika 10 za mwanzo ni duara. Kila mmoja anasema jina lake kwa mdundo, wenzake wanaurudisha kwa makofi. Mgeni hajui jina la mtu lakini baada ya duara anajua mdundo wake, na hilo linatosha kuanza. Kabla ya hapo wawili wamepita uwanjani kuokota vigae vya chupa, kwa kuwa tunacheza pekupeku.

Dakika 15 zinazofuata ni kupasha mwili: shingo, mabega, kiuno, magoti, vifundo. Kisha tembea. Tembea umebeba ndoo kichwani. Tembea kwenye tope la Jangwani baada ya mvua. Tembea kama unakwenda kukopa hela kwa mtu ambaye tayari anakudai. Hapo wanacheka, na hawajui kwamba tayari wanaigiza.

Dakika 10 ni pumzi na sauti. Vuta pumzi mpaka tumbo lijae, si mabega yapande, kisha itoe kwa “sss” ndefu huku mwalimu akihesabu. Wengi huishia 8 siku ya kwanza. Baada ya mwezi wanapita 20 bila taabu. Kisha vitanza ndimi: “Katibu kata alikataa katakata kukata mti wa kata”, polepole, haraka, kwa kunong’ona, kwa huzuni. Mwisho, mwite mwenzako aliye upande wa pili wa uwanja bila kupiga kelele. Sauti ya jukwaani inatoka tumboni. Ya kooni itakauka kabla onyesho halijafika nusu.

Halafu dakika 30 za kazi yenyewe. Siku ya ngoma, anza na mdomo. Mdundo usemwe kwanza kwa kinywa, kila mtu, mpaka uingie, kisha makofi, kisha miguu, mkono kwenye ngozi uwe wa mwisho. Na kila ngoma ije na habari zake. Bugobogobo ni ya Wasukuma na inachezwa na majembe kwa sababu ni ngoma ya kulima. Mtoto wa mjini ambaye hajashika jembe atazungusha jembe kama bendera mpaka umweleze. Sindimba ni ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni. Mtaa wa Dar es Salaam una watu wa kila kabila, kwa hiyo mwenye ngoma yake hayuko mbali. Mwiteni aje aitazame, na akisema mmekosea, mmekosea.

Siku ya maigizo, zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la khanga. Khanga moja katikati ya duara. Kila mmoja aichukue na kuifanya kitu chochote isipokuwa khanga. Itakuwa mtoto mchanga, nyavu, nyoka, usukani wa daladala. Tulikuwa na kijana wa miaka 13 ambaye kwa wiki tano hakusema neno zaidi ya jina lake. Siku hiyo aliiokota, akakaa chini, akashika ncha ya khanga na kuifungua fundo. Fundo halikuwepo, lakini sote tuliliona. Akatoa sarafu zisizokuwepo, akazipanga kwenye kiganja, akahesabu. Akahesabu tena. Akazirudisha, akafunga fundo, akakaza kwa meno. Kisha akainuka na kurudi mahali pake.

Kanuni ya zoezi alikuwa ameivunja, maana khanga ilibaki khanga. Hakuna aliyemsahihisha. Kila mtu pale alimjua mwanamke yule. Niliwaambia wengine kwamba huyu hajafanya cha ajabu, ametazama tu nyumbani kwao kwa makini, na kuanzia siku hiyo kazi ya kwenda nayo nyumbani ikawa hiyo: leta mkono mmoja, mwendo mmoja, au kikohozi kimoja ulichokiona wiki hii.

Dakika 15 ni za kuonyeshana. Hapa fundisha namna ya kutoa maoni, kwa sababu vijana wanajua “safi” na “takataka”, basi. Anayetoa maoni aanze na alichokiona: “Nimeona uligeuza mgongo uliposema jambo la muhimu.” Haruhusiwi kusema nzuri wala mbaya mpaka aseme alichoona.

Dakika 10 za mwisho ni maji, mahudhurio, na nani anaondoka na nani.

Hatua ya 8: Igizo watunge wenyewe

Usiwaandikie. Najua unaweza. Igizo lililoandikwa na mtu mzima lina baba mlevi, binti mjamzito, daktari anayetoa hotuba na wimbo wa mwisho wa kuelimisha jamii. Watu wa mtaa wameliona mara mia.

Njia tunayoifuata ina mizizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Amandina Lihamba na Penina Mlama walikuwa miongoni mwa walioanzisha Tuseme mwaka 1996, wasichana wa sekondari wakitumia sanaa kusema yanayowakwamisha shuleni. Mpangilio ni huu: vijana wataje matatizo yao wenyewe, wachague moja, wachimbe chanzo chake, watunge igizo, walionyeshe kwa wenzao na wakubwa, na baada ya onyesho watu wajadili na kupanga hatua. Sehemu ngumu ni ya kuchimba chanzo. Wakisema “makonda wanatukataa kwenye daladala”, usikimbilie kumwigiza konda mbaya. Uliza konda analipwaje. Watagundua ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari jioni, na nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Hapo konda anakuwa mtu, na igizo linakuwa na uzito.

Tulilifanya hilo kwa kuachia katikati. Tukio linafika konda anamsukuma mwanafunzi mlangoni, mwezeshaji anasema “simama!”, wote wanaganda, na hadhira inaulizwa: “Nani angefanya tofauti? Njoo mbele.” Mara ya kwanza alitoka mzee mmoja mwenye kanzu, akasema anachukua nafasi ya abiria aliyekaa kimya. Akaanza kumgombeza konda kwa ukali hata kijana aliyeigiza konda akasahau maneno yake na kusema “shikamoo”. Uwanja ulivunjika mbavu. Lakini mazungumzo yaliyofuata yalikwenda mpaka giza likaingia, maana swali lilikuwa limehama kutoka kwa konda kwenda kwa abiria arobaini wanaotazama.

Urefu usizidi dakika 20. Na nyimbo watunge wao. Ukichukua wimbo wa mtu kwa onyesho la kulipwa kuna haki zake. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo inayohusika huku Bara.

Hatua ya 9: Kukubali mialiko, na kuikataa

Onyesho la kwanza liwe Jumanne ya kawaida, baada ya miezi minne ya mazoezi, kwa wazazi. Mikeka, hakuna meza kuu. Kipindi kiendelee kama siku zote, mwishoni waonyeshe dakika 15. Mzazi aone jasho, si vazi.

Baada ya hapo watu watawaita. Ofisi moja ilitualika kwenye sherehe yake, ikatutaka tufike saa 3 asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa 8 mchana. Watoto walikaa kwenye jua na sare zao, mdogo kuliko wote akalala amekumbatia vumi. Soda ilikuwa moja kwa wawili. Zamu yao ilipofika tukaambiwa muda umebana, wacheze dakika mbili wakati wageni wanakwenda kula. Walicheza, kwa kuwa walishajifunza kucheza. Mimi ndiye niliyeona haya.

Sasa tuna karatasi ya masharti, ya ukurasa mmoja, na mwalikaji huisaini: saa ya kucheza, usafiri wa kwenda na kurudi, kivuli, maji na chakula, mahali pa kubadilishia nguo, muda wa onyesho, malipo na siku ya kulipa. Tukipita saa moja ya kusubiri, tunafungasha. Tumefungasha mara moja tu, habari ikaenea. Wakati wa mitihani hatukubali mwaliko wowote.

Hatua ya 10: Hela

Wazazi wachangie kidogo kila mwezi, na asiyeweza achangie kwa kazi: kushona, kuleta makuti, kusimamia watoto. Daftari la mapato liwe wazi, na wanaotia saini wawe watatu, mmoja wao kijana. Malipo ya onyesho tuligawa hivi: nusu kwa walioonyesha, robo kwa vifaa, robo kwa mfuko wa walimu. Mkubaliane mgao kabla hela haijaingia. Ikishaingia, hakuna anayesikia.

Utaambiwa kuhusu mikopo ya halmashauri. Ipo kwa sheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Lakini ni mkopo, unarudishwa. Darasa la watoto halina cha kurudishia. Kama wakubwa wenu wanataka kununua spika na maturubai ya kukodisha kwenye shughuli, basi waunde kikundi chao na waombe wao.

Baada ya mwaka

Watakaokuwa na kipaji na nia watajitokeza bila wewe kuwatafuta. Shuleni waelekeze kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, ambako pamoja na michezo huwa kuna kwaya na ngoma. Waliomaliza kidato cha nne wafuatilie sifa za kujiunga TaSUBa. Mpeleke mmoja Bagamoyo akatazame tamasha lao, alale, arudi awasimulie wenzake. Safari hiyo ina faida kuliko semina tatu.

Kisha anza kukabidhi, kidogo kidogo. Kwanza duara la ufunguzi liongozwe na mkubwa mmoja, kisha kupasha mwili, kisha kipindi kizima cha wadogo wewe ukiwa umekaa kwenye mzizi wa mwembe. Utaona wanavyokosea, na sehemu kubwa ya makosa hayo utayatambua kuwa ni yako. Ufunguo wa stoo ndio wa mwisho kutoa. Sisi tulimpa yule wa khanga, alipotimiza miaka 18. Masika yalipoanza niliamka usiku na wasiwasi wa unyevu, asubuhi nikapita stoo. Ngoma zote zilikuwa juu ya mbao, ngozi zikiangalia ukutani, na kwenye daftari la zamu palikuwa na jina la mtoto wa miaka 11 na saa aliyofika.